Konda wa Boksi la Sabuni

Wenzangu wa mwaka wa tatu mtanisamehe. Kule kwenye grupu mlipokuwa mnaulizana jamaa kapotelea wapi likizo hii, mmoja wenu akaandika nimepata mishe Dar na wengine mkampigia makofi, ukweli ni kwamba nilikuwa Morogoro, Kihonda, nafua nepi.

UE ilikwisha Ijumaa. Jumamosi asubuhi dada akanipigia simu, sauti ndogo kama ya mtu anayeongea chini ya shuka. Amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, wote wazima. Halafu akanyamaza. Dada yangu hajui kuomba. Mama yetu alifariki nikiwa kidato cha pili, na kuanzia hapo nauli yangu, sare, sapu yangu ya mwaka wa kwanza (ndiyo, nilipata sapu, tusonge mbele), na kile kipande cha ada ambacho mkopo wa Bodi haukigusi, vyote vimetoka kwenye sufuria zake za wali na maharage. Nikamwambia, "Nakuja." Akasema, "Kama huna ratiba lakini, mdogo wangu." Ratiba nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshaongea na mtu wa kunipa tuisheni za kufundisha hadi TP ianze. Sikumwambia.

Nieleze hali ya nyumba ili mnielewe. Shemeji ni dereva wa lori, ameajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya siku 3 mtoto anapozaliwa, na siku hizo 3 ziliisha dada akiwa bado wodini. Akarudi kwenye gari, njia ya Tunduma. Sheria hiyo hiyo inampa mama mwajiriwa siku 84 zenye mshahara, lakini dada anauza chakula, bosi wake ni yeye mwenyewe, na kibanda kikifungwa hakuna anayemlipa mtu. Mama mkwe wake anauguza mguu Songea. Kwa hiyo waliobaki ni mimi, mama jirani mmoja mwenye moyo wa dhahabu na biashara yake ya mkaa, na Bosi.

Bosi ndiye mpwa wangu mkubwa, miaka 2 na miezi 4. Jina hilo amepewa na wateja wa kibandani kwa sababu anaamrisha. Mama yake alipokuwa hospitali alilala kwa mama jirani siku 4, na kila bajaji iliyopita alikimbilia getini.

Bajaji ya kweli ilipofika nilikuwa nimeshamwandaa, au nilidhani nimemwandaa. "Mama anakuja na mdogo wako." Akaitikia vizuri tu. Dada akashuka taratibu, mkono mmoja umeshika tumbo juu ya kanga, mama jirani nyuma yake kabeba kichanga. Bosi akatoka mbio, mikono juu. "Mama, beba! Beba!" Kilo zaidi ya 12 zinakwenda moja kwa moja kwenye mshono. Nikamdaka katikati. Alipiga mateke, akanivunjia kishikizo cha shati, akalia hadi sauti ikakatika. Dada alipita pembeni yetu akiangalia ukuta. Nesi alikuwa amemwambia asinyanyue kitu kizito kuliko kichanga kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyemwambia namna ya kumweleza hilo mtoto ambaye jana yake tu alikuwa anabebwa mgongoni.

Basi nikajipa kazi. Kwa akili yangu, kazi ilikuwa moja: kumweka Bosi mbali na mama yake kuanzia asubuhi hadi jioni, mama apumzike, mtoto anyonye, kidonda kipone. Nilijiona mtaalamu. Nasomea ualimu bwana, nimekaa muhula mzima kwenye Saikolojia ya Elimu.

Siku ya kwanza nilimpa simu, katuni. Alikaa kimya saa nzima na nikafua nepi zote. Bando likakata. Aisee, kilio kile kilizidi cha getini. Siku ya pili nikanunua bando lingine, na siku ya tatu nikapiga hesabu kwamba kwa kasi hiyo nitamlea Bosi hadi Jumatano tu. Nikafunga simu.

Tukahamia kwenye vitu vya ndani. Sufuria na mwiko: dakika 5, na kichanga anaamka. Vizibo vya soda kwenye kopo: vizuri, ila uvihesabu kabla na baada. Punje za maharage nilimpa nikamnyang'anya hapo hapo, mama jirani aliponionyesha kwa kidole pua yake na kutikisa kichwa. Mwanawe wa tatu aliwahi kupandisha moja. Maji kwenye beseni yalikuwa mazuri kuliko yote. Nilimwekea ya kufika kifundo cha mkono tu, kaptula yake moja, kipande cha sabuni, na tukafua wote, mimi nepi na yeye kaptula hiyo moja kwa siku 9 mfululizo. Ila beseni halina kuondoka. Hata kama simu inaita, hata kama uji unafurika, unamwaga maji kwanza ndipo unanyanyuka.

Majirani walikuwa na ya kwao. Mzee mmoja anayepita kwenda msikitini alisimama siku ya kwanza. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba. Hivi nyumba hii hakuna wanawake?" Nikamjibu yupo mmoja na amepasuliwa. Akaondoka. Keshoye alileta mkungu wa ndizi kwa ajili ya mtori, akauweka mlangoni bila neno.

Lakini lililotuokoa lilikuwa boksi. Boksi kubwa la sabuni nililoomba dukani. Bosi akaingia, akashika mfuniko wa sufuria, akanguruma. Kumbe baba yake anaendesha lori lakini yeye anaendesha basi. Mimi konda. "Msamvu! Msamvu! Moja ya mwisho!" Abiria walikuwa ndala, mwiko, chupa ya maji na yule mdoli asiye na mkono. Tulitoka Kihonda kwenda Msamvu mara 40 kwa siku. Nilijifunza kukaa konda nikiwa namenya viazi, konda nikiwa naanika, konda nikiwa nimelala chali sebuleni na macho nimefumba, mradi mdomo unaita abiria.

Na bado, kila jioni, Bosi alikuwa anarudi nyuma. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza upya. Aliomba kunyonya, yeye aliyeachishwa mwaka jana. Alining'ata begani. Akimsikia kichanga analia chumbani alikuwa anasimamisha basi, anasikiliza, halafu anapiga abiria wake kwa mwiko.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana hadi hapa nimekuwa nawachekesha.

Ilikuwa wiki ya pili, saa nne asubuhi. Dada alikwenda kuoga. Kichanga amelala kitandani ndani ya kineti chake. Bosi nilimpa andazi, nikamkalisha kwenye boksi lake sebuleni, nami nikatoka kibarazani mara moja kwa sababu orodha ya vituo vya TP ilikuwa imetoka. Nilikuwa natafuta jina langu. Faili lilikuwa refu, mtandao unazunguka. Nilifika kwenye herufi yangu ndipo nikagundua basi halingurumi.

Kineti kilikuwa kimefunuliwa. Bosi kasimama kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamega andazi, anaweka mdomoni mwa mdogo wake, taratibu kabisa, kama anavyolishwa yeye. Vipande viwili vilikuwa shavuni. Kimoja kilikuwa mdomoni, mbele kwenye ulimi, nakiona. Nikakitoa kwa kidole. Kichanga akakohoa, akawa mwekundu, akalia, na sijawahi kufurahia kilio cha mtu maishani mwangu kama kile.

Halafu nikamgeukia Bosi, nikampiga kofi la mkono. Kwa nguvu. Andazi likaanguka.

Muhula uliopita nilipata B+ kwenye insha ya adhabu mbadala. Niliandika kurasa 7 kwamba mtoto anayepigwa hujifunza kumwogopa anayempiga, wala si kulielewa kosa. Nilizikumbuka kurasa hizo zote 7 mkono wangu ukiwa bado hewani.

Dada alitoka bafuni na kanga moja, povu masikioni, ameshika tumbo. Alimchukua kichanga, akamkagua mdomo, akamweka kifuani. Bosi hakuwa analia. Aliangalia mkono wake, akasema, "Anakula."

Dada akaniambia, "Alikuwa anamgawia." Na baada ya muda, "Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na simu mkononi. Sikujibu.

Mnaomjua Bosi kama wateja wa kibandani mngeelewa uzito wa jambo hilo. Huyu hamgawii mtu andazi. Baba yake mzazi huwa anaomba kipande anaonyeshwa mgongo. Na mimi siku 11 nilikuwa nimeshajiwekea moyoni kwamba ana wivu, kwamba atamdhuru mtoto, ndiyo maana namlinda. Piaget tulimsoma wote: kati ya miaka 2 na 7 mtoto hupata shida kuona jambo kwa jicho la mwenzake. Kwenye slaidi ile ilikaa kama vile mtoto ni mchoyo. Sivyo. Bosi alimsikia mwenzake analia njaa, akampa anachokipenda yeye, kwa sababu hawezi kuwaza kwamba kuna mtu duniani asiyependa andazi. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama matupu, hata maji hapana, lakini Bosi angeyajulia wapi? Hakuna aliyekuwa amemwambia mdogo wake anakula nini. Kila saa ya kunyonyesha mimi nilikuwa nimemtoa nje, twende Msamvu. (Piaget mwenyewe aliandika mengi akiwatazama watoto wake watatu. Najiuliza siku hizo nepi alifua nani.)

Usiku dada alisema kitu akiwa ananyonyesha, hata hakuniangalia. "Mdogo wangu, ahsante kwa yote. Ila huyu mdogo akishashiba analala kwa yeyote. Mchukue huyu. Niletee mtoto wangu mkubwa."

Nilikuwa nimeigeuza kazi yote juu chini. Siku 11.

Kuanzia kesho yake tulibadilishana. Kichanga akishanyonya na kucheua, mimi nampokea, natembea naye kibarazani, kichwa kiwekoni mwa mkono, namwimbia majina ya vituo. Chumbani wanabaki Bosi na mama yake. Kumbeba bado hakuwezekani, lakini ile ndoo iliyogeuzwa tuliiweka kando ya kitanda, nami nikaibadilisha na kigoda kizito kisichoyumba. Bosi anapanda mwenyewe, anakaa upande wa pili wa kidonda, na mto katikati. Paukwa, pakawa. Nilikuwa nasikia hadithi ya sungura ikirudiwa mara 4, sauti ya dada ikipotea kwa usingizi na Bosi akimwamsha amalizie. Robo saa tu, wakati mwingine dakika 10. Akitoka hapo anaendesha basi lake peke yake bila kuniita, kitu ambacho bando, maji na vizibo havikuwahi kukifanya.

Tulimpa na cheo. Yeye ndiye anayeleta nepi safi kutoka kwenye kamba ya chini, anayeshika kopo la mafuta, anayekuja kuniambia "amekojoa" kabla mimi sijanusa. Maandazi yakabaki yake, akaambiwa mdogo ana maziwa yake, atakula akiota meno. Kila asubuhi alikuwa anakwenda kumfunua mdomo kuangalia meno. Tukakubaliana aangalie mimi nikiwepo.

Sisemi kila kitu kilinyooka. Alikojoa kitandani hadi naondoka. Siku moja alijaribu kumpandisha mdogo wake kwenye boksi awe abiria, nami ukonda wangu ukafika mwisho wa uvumilivu. Kwa kofi lile nilimwomba radhi, dada akiwepo. Nilichuchumaa nikasema, "Mjomba alikupiga, mjomba alikosea." Alinisikiliza, kisha akaniomba simu. Mpaka leo nikinyanyua mkono ghafla karibu naye, hata kama nafukuza nzi, anafumba macho.

Kituo changu cha TP kimetoka, sekondari moja ya mbali kidogo, Jumatatu naripoti. Dada anatembea vizuri, ameanza kuuza chai asubuhi pale pale mlangoni, binti wa mama jirani anamsaidia. Siku ya kuondoka Bosi aliniona nafunga begi. Kwake yeye, mtu akiondoka na begi anakwenda hospitali.

"Unaenda kuleta mtoto?"

"Hapana, mjomba. Naenda kufundisha."

Akanitazama kwa muda, hajaamini.

"Usilete," akasema.