Risasi Nzito ya Ncha Butu

Palikuwa na mzee mmoja huko Bongwe, bara kidogo kutoka Diani, ambaye alikuwa na desturi iliyowachekesha vijana. Kila jioni, kabla ya kwenda kulinda mashamba, alizimwaga risasi zake juu ya mkeka, akafumba macho, kisha akaziokota moja moja na kuzipapasa ncha kwa kidole gumba. Iliyokuwa na ncha butu, ya mviringo, laini kama gololi, aliitia katika mkoba. Iliyochongoka, au iliyoacha risasi tupu wazi kichwani bila kifuniko cha chuma, aliirudisha katika kasha. Akiulizwa, alijibu kwamba msituni usiku hapana taa, wala mbogo hangoji mtu amalize kutazama.

Mzee huyu aliingia kazi ya askari wa wanyama pori miaka michache kabla ya Uhuru. Siku zile mbogo na ndovu walishuka kutoka Milima ya Shimba wakaingia katika mihogo na mahindi, na mtu aliyelima miezi minne aliweza kuamka asubuhi akakuta hana shamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, wala si kutafuta pembe za kutundika ukutani.

Wasiojua bunduki hudhani kwamba risasi iliyochongoka ndiyo kali, kama mkuki ulionolewa. Kwa upande mmoja ni kweli. Wafaransa walianza kuwapa askari wao risasi ya ncha kali mwaka 1898, Wajerumani wakafuata, na mwaka 1910 Waingereza wakabadili risasi ya bunduki yao ya .303, ile iliyojulikana sana kwa askari wa KAR. Risasi ya zamani ilikuwa butu, uzito wake greni 215, yaani gramu 14 hivi. Mpya ilichongoka, ikapungua hata greni 174, yaani kama gramu 11. Ilipasua hewa vizuri zaidi na kufika mbali bila kushuka sana, jambo ambalo ni faida kubwa kwa askari aliye vitani katika uwanja mweupe.

Lakini katika vichaka vya Bongwe na misitu ya Shimba ni nani apigaye mbogo kwa yadi mia tatu? Hapo mnyama huonekana kwa hatua ishirini, pengine kumi, na kwanza huonekana sikio tu. Katika mwendo mfupi hivyo faida yote ya ncha kali hupotea, na hasara yake hubaki. Risasi iliyochongoka uzito wake umelala nyuma. Hewani huzuiwa isipinduke na ule mzunguko inaoupata katika kasiba, lakini ikiingia katika nyama na mifupa hutaka kugeuka, kitako kitangulie. Ile ya .303 ya mwaka 1910 ilizidi kwa tabia hiyo, kwa sababu ndani ya ncha yake mlitiwa alumini, ambayo ni nyepesi. Risasi ikisha kupinduka haina njia. Huenda upande wowote. Risasi ndefu, nzito, yenye ncha butu, iliyovikwa chuma kigumu, hushika njia yake kwa unyofu zaidi, na uzito ulio nyuma yake huendelea kuisukuma hata baada ya kuvunja mfupa.

Mfano mkubwa ni Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo Bell kwa sababu ya safari zake katika nchi ya Karamoja, Uganda. Huyu aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwapiga kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo wawindaji wengine waliidharau. Siri yake haikuwa uchawi. Risasi yake ilikuwa butu, ndefu, ya greni 173, iliyofunikwa kwa chuma. Naye alikuwa amepasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Wengi waliomwiga waliikumbuka ile bunduki ndogo wakausahau msumeno, na baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Mzee wa Bongwe hakujifunza haya katika vitabu. Mwaka mmoja, baada ya masika, mbogo dume alizoea kuingia katika mihogo ya watu karibu na msitu. Walitumwa askari wawili: yeye, wakati huo kijana, na mwenziwe aliyemzidi umri na cheo. Bunduki zao zilikuwa za .375, na katika kasha mlikuwa na risasi za namna mbili. Moja ilikuwa ngumu, butu, ya greni 300. Ya pili ilikuwa laini, nyepesi, ya greni 235, nzuri kwa kuro na wanyama wa kadiri hiyo. Yule mkubwa alipenda nyepesi kwa kuwa hazikumpiga bega sana.

“Kaka, hizo si za mbogo,” alisema kijana.

“Nyama ni nyama, mdogo wangu. Shabaha ndiyo kazi.”

Kijana akanyamaza. Si adabu kumsahihisha mkubwa mara mbili.

Usiku ule mbogo alipigwa begani, akapiga kelele, akaingia msituni. Kulipokucha hapakuwa na hiari ila kumfuata, kwa maana wanawake wa mji walipita njia ile kwenda kuteka maji na kuokota kuni. Damu ilikuwa kidogo, nyeusi, haina povu. Damu ya pafu huwa na povu jekundu, na kijana alipoiona alijua kwamba risasi haikufika ndani. Mbogo aliyejeruhiwa ana hila: huzunguka, hurudi, husimama kando ya nyayo zake mwenyewe. Alitoka upande wa kushoto, kama hatua nane, akamwangusha yule mkubwa na kumkanyaga paja. Kijana alikuwa nyuma ya mnyama, mahali pabaya kuliko pote pa kupiga. Alipiga hapo hapo.

Walipomchuna mbogo walizikuta risasi zote mbili. Ile ndogo ilikuwa imetandazwa juu ya mfupa wa bega kama kifungo cha koti. Ile nzito iliingia karibu na nyonga, ikapita tumbo lote na majani yote yaliyokuwamo, ikasimama chini ya ngozi ya kifua, nzima, na alama za kasiba zaonekana ubavuni. Yule mkubwa aliishi, lakini hakutembea tena bila fimbo. Hakumlaumu mtu. Kijana ndiye aliyejilaumu miaka yote, si kwa risasi aliyopiga, bali kwa neno ambalo hakulisema mara ya pili.

Katika mambo mengine mzee alikosea. Alishikilia kwamba risasi nzito hupita katika vijiti na matawi bila kupotoka. Majaribio mengi yamekwisha kuonyesha kwamba kila risasi hupotoshwa na kijiti, nzito kwa nyepesi, butu kwa kali. Tena siku hizi mafundi wengi husifu zaidi risasi ngumu za shaba zenye ncha bapa, iliyokatwa wima, kwamba hushika njia hata kuzishinda za mviringo. Katika Tanzania, ambako uwindaji ungali ukiruhusiwa, sheria haikubali mbogo apigwe kwa bunduki iliyo chini ya .375. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, ambayo watu wenyewe walitoa mashamba yao kuifanya, ilifunguliwa mwaka 1995.

Mwaka 2005 ndovu walikuwa wamezidi huko Shimba, nao wapatao 150 walihamishwa kwenda Tsavo Mashariki. Walilazwa kwa dawa iliyopigwa kwa bunduki. Mzee alikuwa amekwisha kustaafu zamani, na askari kijana wa mjini kwao alimwonyesha mshale mtupu wa dawa hiyo. Mzee alifumba macho kama desturi yake, akaupapasa kwa kidole gumba.

“Hii ni sindano,” alisema. “Ndovu huanguka baada ya muda gani?”

Akaambiwa pengine dakika tano, pengine kumi.

“Kumi ni nyingi, mwanangu,” akasema, akamrudishia.