Nevada, keshi elfu moja, na mjomba asiyetaka kuwa makanga

Wiki ya tatu sasa napanga safari ya gari ambayo mimi mwenyewe siendi. Watakaoenda ni binamu yangu anayeishi Minnesota na baba yake, mjomba wangu, ambaye viza yake ilitoka na mwezi wa kumi atakuwa huko. Wanataka kupita barabara moja ya Nevada iliyojaa keshi. Si keshi ya M-Pesa, tulieni. Naeleza.

Jiokeshingi ni mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa kutumia GPS. Mtu anaficha kikopo mahali, anaweka namba za hapo mahali mtandaoni, wewe unafuata simu hadi hapo, unapekua, unakipata, unaandika jina kwenye kikaratasi kilicho ndani, halafu unakirudisha venye ulikipata. Hicho kikopo ndicho keshi. Mchezo ulianza mwaka 2000. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga GPS ya raia makusudi ili isiwe sahihi sana, jeshi pekee libaki na ile ya ukweli. Mwezi wa tano mwaka huo wakaacha kuvuruga, na tarehe 3 Mei, siku moja hivi baadaye, msee anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo msituni Oregon akatangaza mtandaoni iko wapi. Ndani aliweka vitabu, manati, hadi mkebe wa maharagwe. Watu wakaenda kuitafuta. Ndiyo hiyo, dunia nzima ikaambukizwa.

Hapa kwetu keshi zipo lakini ni chache na zimetapanyika. Na kusema ukweli, ukichuchumaa kando ya mtaro Nairobi ukipapasa chini ya mawe huku umeshika simu, dakika mbili ni nyingi kabla mlinzi hajakuuliza unatafuta nini. Kwa hivyo wengi wetu tunaujua huu mchezo kupitia video za watu wa nje.

Sasa kuna sheria moja ya huu mchezo: keshi mbili zisikaribiane kuliko mita 161, yaani sehemu moja ya kumi ya maili. Sheria iliwekwa ili mtu asijaze mahali pamoja vikopo. Lakini unawajua binadamu na sheria. Ukiwaambia wasikaribie kuliko mita 161, kuna watu wataweka kila baada ya mita 161 kamili, kikopo, kikopo, kikopo, hadi barabara iishe. Ndivyo ilivyofanyika kwenye barabara ya 375 ya Nevada. Inaitwa Extraterrestrial Highway, jina la serikali kabisa tangu 1996, juu inapita karibu na Area 51, ile kambi ya jeshi la anga ambayo watu huapa imeficha viumbe wa sayari nyingine. Urefu wake ni kilomita 158 hivi. Keshi zake zimepita elfu moja. Nyingi ni vile vikopo vidogo vya filamu za kamera za zamani, vimefunikwa kwa mawe machache kando ya lami.

Kama hujaiona hiyo picha, fikiria kutoka Nairobi hadi Nakuru, karibu urefu uleule. Unatoka mjini, unasimama. Unasonga uwanja mmoja na nusu wa mpira, unasimama. Tena. Tena. Hujafika mbali na umeshuka mara mia. Hiyo ndiyo safari. Na hakuna watu, hakuna mahindi choma, hakuna chochote isipokuwa jangwa na vichaka. Katikati kuna kijiji kinaitwa Rachel, wakazi wake hawajazi basi mbili, na moteli moja yenye baa ambayo jina lake ni utani wa viumbe wa angani: Little A'Le'Inn.

Watu wanaojiona wanaupenda mchezo kweli huchukia hizi barabara. Wanasema keshi nzuri inakupeleka mahali ambapo usingefika kamwe: maporomoko ya maji, mti wenye historia, kilima chenye mandhari. Wanasema kuokota vikopo elfu moja vinavyofanana ni kuhesabu tu, ni kama mtu anayekula pilau kwa kuhesabu punje. Nimewasoma sana na kwa kawaida ningekuwa upande wao. Hata idara ya barabara ya Nevada iliwahi kuchoka, mwaka 2011 ikaomba vikopo viondolewe kwa sababu ya usalama, magari yakisimama-simama kando ya barabara ya kasi. Baadaye vikarudishwa.

Lakini hawa wawili hawahitaji maporomoko ya maji. Acha niseme kwa nini.

Binamu yangu hajaonana na babake kwa miaka tisa. Katikati ya hiyo miaka anti aliaga, mamake binamu, na makaratasi yake ya huko yalikuwa katika ile hali ambayo ukitoka hurudi. Kwa hivyo hakuja. Alitazama mazishi kwenye simu akiwa kwenye maegesho ya kazini, usiku wa kwao. Najua kwa sababu mimi ndiye nilishika simu upande huu. Saa nne nzima, mkono ukiwa umekufa ganzi, na kila nikimwelekezea mjomba kamera, mjomba anageuza uso. Tangu siku hiyo wakipigiana simu wanaongea mvua, bei ya unga, na kama pesa ilifika. Hakuna aliyewahi kugusa ile siku.

Ukiwapeleka watu kama hao mahali penye mandhari mazuri, watasimama. Wataangalia mandhari. Mmoja atasema "pazuri," mwingine atasema "eeh." Halafu watarudi kwa gari. Wanaume wa rika la mjomba huwezi kuwaambia "kaa hapa tuongee." Mjomba huongea akiwa chini ya boneti. Mambo yote ya maana aliyowahi kuniambia, aliniambia akiwa ananiomba nimpe spana namba kumi na tatu. Mpe kazi ndogo ya mikono, ya kurudia-rudia, na mtu kando yake, halafu ngoja. Kwa hiyo kazi, sioni kitu kinashinda kikopo kila mita 161.

Binamu alipoanza alitaka elfu moja kwa siku moja. Ni rekodi watu hujisifu nayo huko. Nikafungua Excel. Keshi moja ikikula dakika moja, kusimama, kushuka, kupata, kugonga muhuri, kurudisha, kupanda, kusonga, basi elfu moja ni saa kumi na sita na dakika arobaini. Bila kula, bila kukojoa. Wanaoweza hiyo kasi ni timu za watu wanne au watano: dereva hashuki kamwe, warukaji wanapokezana, mmoja kazi yake ni muhuri tu. Nyinyi mko wawili, nikamwambia, na mmoja ana miaka sitini na nne na goti bovu.

Kuna pia ujanja wao wa kuokoa muda. Badala ya kufungua kikopo pale pale, unakichukua, unaweka pale kingine ulichotoka nacho nyuma ambacho mmeshakigonga muhuri mkiwa kwa gari. Unaendelea hivyo hivyo, kila kikopo kinahama hatua moja. Kwenye hizi barabara wengi hufanya hivyo na vikopo vinafanana kwa hivyo hakuna anayelia. Nilimweleza mjomba kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni kuhamisha mali ya watu." Ikaisha hapo. Kila kikopo kitarudi chini ya jiwe lake.

Halafu kukazuka vita ya nani afanye nini. Binamu alipanga: yeye aendeshe, mzee ashuke. Sasa mjomba ameendesha matatu ya Nairobi–Nakuru miaka ishirini na saba. Kila kona ya Kinungi anaijua kwa jina. "Yaani nipande ndege siku nzima niende kuwa makanga wa mtoto wangu?" Nilicheka hadi nikaweka simu chini, lakini hakuwa anacheka. Kumpa usukani nayo haiwezekani, gari la kukodi litakuwa na jina la binamu pekee kwenye mkataba, na huko wanaendesha kulia. Tukakubaliana hivi: binamu anaendesha na kushuka. Mjomba anakaa kiti cha mbele na simu, anamwambia "songa," "polepole," "hapo hapo, hapo hapo," anahesabu, anagonga muhuri. Goti likikubali anashuka, na kwa kuwa huko abiria wa mbele hukaa kulia, anashukia kando ya barabara wala si upande wa magari. Yaani ni bosi wa gari. Hilo alilikubali haraka.

Lakini dereva akiwa ndiye mrukaji, dakika moja haitoshi. Niliweka dakika tatu kwa kila keshi. Kwa hivyo mpango wangu ni keshi 300 kwa siku mbili, saa saba na nusu kila siku. Ukizidisha ni kilomita 48 hivi. Kwa ile picha yetu ya Nakuru, hata Naivasha hawajafika. Binamu alilalamika eti ni aibu kusafiri hivyo vyote halafu ule chini ya theluthi ya barabara. Nikamuuliza anamuonyesha nani.

Mengine ni ya kawaida ya mpangaji yeyote, nayapitia haraka kwa yule atakayetaka kujaribu. Tangi lijazwe kabla ya kuingia 375, usitegemee mafuta Rachel. Mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha, kwa hivyo keshi zote zipakuliwe kwenye simu kabla, na ujue orodha moja ya ile programu haizidi keshi 1,000. Simu mbili, pawabenki mbili. Maji mengi kuliko unayofikiri. Glavu na fimbo, kwa sababu unainua mawe kwenye jangwa lenye nyoka, na nyoka hajui ni mchezo. Spea ikaguliwe. Giza likiingia muwe mmeacha kazi, kwani ng'ombe huko huachwa huru na hulala barabarani. Hili la ng'ombe lilimfurahisha mjomba kuliko Area 51 nzima. "Kumbe ni kama Narok," akasema. Na chumba cha Rachel kiwekwe mapema, ni vichache.

Kitu pekee ambacho mimi na binamu bado tunavutana ni mstari wa 151 kwenye jedwali. Siku ya kwanza ikiisha nimeweka saa moja tupu kabla ya kurudi kulala. Hakuna keshi. Nimeandika tu "chai." Ameifuta mara mbili, nimeirudisha mara mbili. Juzi akaniuliza, "Hapo sasa tutafanya nini?" Nikamwambia watakunywa chai, ndivyo imeandikwa. Akasema hiyo saa inatosha keshi ishirini zaidi. Nikamwambia najua, mimi ndiye nilipiga hesabu.

Nadhani anaiogopa. Hata mimi ningeiogopa. Lakini nikiitoa, hii safari inakuwa kile ambacho wale wakosoaji wanasema ni, kuhesabu punje. Vikopo 150 vya kwanza ni vya kulegeza ulimi, na ulimi ukilegea lazima pawe na mahali pa kuketi. Wasipoongea, sawa, watakuwa wamekunywa chai jangwani na mzee ameona ng'ombe.

Kuna muhuri pia. Vikaratasi vya ndani ya vile vikopo ni vyembamba, havitoshi mtu kuandika jina lake kwa kalamu mara mia tatu, na mjomba alikuwa tayari kujaza jina lote matatu na namba ya kitambulisho kama kitabu cha mlinzi. Kwa hivyo timu huchonga muhuri mdogo wa jina lao. Binamu aliniachia hiyo kazi, akasema weka jina lolote la kuchekesha. Nikampigia mjomba kumuuliza angependa nini. Akasema atafikiria. Jioni akatuma ujumbe, bila salamu, herufi mbili tu. Ni herufi za kwanza za majina ya anti.

Nimezipeleka kwa fundi wa River Road na nimelipa nusu. Amesema nipitie Ijumaa. Binamu bado hajui, na mjomba amesema nisimwambie, atauona huko huko wakifungua kikopo cha kwanza.