Ghorofa ya Mkomani

Kila mwaka watu wengi hushika safari ya Lamu kwa ajili ya Maulidi ya Mtume wetu (S.A.W.), nasi tulijaaliwa kuwa miongoni mwao. Tuliziacha gari upande wa bara, tukavuka bahari kutoka Mokowe kwa mashua, tukateremka gatini penye harufu ya chumvi na ya punda. Makusudio yetu leo si kueleza Maulidi, kwani wengi wamekwisha kuyaeleza, bali ni kueleza ghorofa moja tuliyoiona ikitengenezwa upya katika mtaa wa Mkomani, na mafunzo tuliyoyapata hapo.

Aliyetupeleka ni mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye leo ni mwashi. Ghorofa hiyo iko juu ya nyumba ya watu wengine. Ilikuwa desturi ya watu wa Lamu, binti anapoolewa, baba yake kumjengea nyumba ubavuni mwa yake au kumwongezea ghorofa juu, ili asitengwe na mamake. Basi kwa kupita miaka na kugawanywa mirathi, chini hukaa huyu na juu hukaa yule. Ghorofa hii ilinunuliwa na Mwislamu mmoja tajiri, mtu wa mbali, aliyetaka irudie uzuri wake wa kale na iwe pia na raha zote za leo. Hakuhurumia fedha: alileta marimari, mabomba ya shaba na mbao za thamani.

Lakini fedha haikupanua njia. Vijia vya Mkomani ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani. Kila jiwe, kila kikapu cha chokaa na kila kifusi kilichotolewa kilipita hapo juu ya mgongo wa punda au bega la mtu. Marimari ilibidi ikatwe vipande vidogo. Tulifurahi kumwona kijana wetu akipunguza shehena ya punda mmoja aliyekuwa akitetemeka miguu. Alituambia, “Maalim, haya ulitufundisha wewe, kwamba mnyama hana ulimi wa kushitaki.” Na hapana shaka Mtume wetu ametuonya tumche Mwenyezi Mungu katika hawa wasiosema.

Tuliuliza kwa nini vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Akatuonyesha dari: inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi sana mita 3, basi upana wa chumba hukatwa na urefu wa mti. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha humiminwa chokaa. Kuta ni nene, za mawe hayo hayo, na ndani mwake mna zidaka za chokaa zilizopangwa safu kwa safu.

Tajiri alitaka kuta zipigwe lipu ya saruji ili kazi iishe upesi. Fundi akakataa kwa adabu. Alieleza kuwa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuachia unyevu huo utoke, saruji huuziba. Chumvi hurundikana nyuma yake, lipu huvimba, kisha hubanduka pamoja na nyama ya jiwe. Tuliposikia hayo tuliinamisha vichwa, kwani sisi wenyewe tuliipiga saruji madrasa yetu ya kale, tukajisifu, na baada ya masika machache ukuta ukaanza kumwagika kama unga. Tulidhani mchanga ulikuwa mbaya. Kumbe ubaya ulikuwa wa haraka yetu.

Wala jambo hili si la sura tu. Jumba la Beit el Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 huku likitengenezwa, na watu 2 wakafariki. Nyumba ya kale ni kama mzee mgonjwa: huulizwa kwanza panapouma.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Boriti 6 zilikuwa zimeoza, na mpya hazikuweza kupindana na ngazi. Njia ilikuwa moja tu, nayo ni kuzivuta kwa kamba kutoka kiwanda cha nyumba ya chini, yaani ule uwanja wa ndani ambamo wanawake hupika na kufua. Bibi mwenye nyumba, mjane, alifungua mlango wake. Akawahamisha binti zake na wajukuu kwa siku 2, akavumilia vumbi na kelele za watu, na chai akawapikia.

Boriti zilipokwisha kukaa, tajiri akaamuru lifunguliwe dirisha pana, ili aione bahari. Dirisha hilo lingetazama chini, ndani ya kiwanda kile kile. Bibi alipopata khabari alipanda ngazi polepole, akasema, “Mwanangu, ukuta ni wako na mali ni yako. Lakini ukifungua hapo, itanibidi nivae buibui ndani ya nyumba yangu.” Hakusema zaidi, akashuka.

Tajiri alinyamaza kitambo. Kisha akamwambia fundi, “Pachongwe zidaka hapo, na nuru tuitafute kwetu.” Wakafungua tundu la mwanga upande wa uwanja wake mwenyewe wa juu. Bahari haionekani kutoka chumba kile, wala hatukumsikia akiijutia.

Ndugu zetu, Lamu iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na wengi huja kutazama milango na zidaka zake. Mambo hayo ni mazuri. Lakini mji huo ulisimama kwa haki ya jirani kabla ya kusimama kwa chokaa. Enyi vijana, mkiruzukiwa mkataka kutengeneza nyumba za wazee wenu, Mombasa, Tanga, Unguja au popote, msianze kwa marimari. Anzeni kwa kubisha hodi nyumba ya pili, na mlipeni fundi ujira wake kabla jasho halijamkauka.

Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu baraka, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.