Kijidudu 'dx' Kilivyoniumbua Darasani

Basi jamani, Jumamosi nimejinyoosha zangu kwenye kochi, mara mpwa wangu huyo na daftari la Hesabu. "Anko, hebu nitazamie hii." Yuko kidato cha sita, PCM, anapiga msuli mpaka usiku wa manane. Kufungua tu, nikachoka! Makosa yale yale yangu ya enzi zile.

Alama ya intigrali kaichora safi, ina shingo ndefu kama bata, lakini dx hakuna. Nikamuuliza iko wapi.

"Aah, Anko, ile si pambo tu?"

Pambo! Alama ile Leibniz, Mjerumani, aliianza mwaka 1675. Ni herufi S iliyorefushwa, ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Unajumlisha vipande vyembamba mno, na dx ndiyo upana wa kila kipande. Ukiitupa umebaki na urefu mtupu, sawa na fundi kupima kitambaa bila upana.

Sikumcheka sana, maana mwenzenu yalinikuta. Mtihani wa majaribio tulipewa 2x(x² + 1)³, kutoka 0 mpaka 2. Nikasema hiki cha mtoto! Pa x² + 1 nikaweka u, dx wala du sikuandika, mipaka nikaiacha vilevile. Nikapata 4, nikatoka natamba.

Jibu lilikuwa 156.

Kumbe 0 na 2 ni mipaka ya x. Ukihamia kwa u, x ikiwa 0 u ni 1, na x ikiwa 2 u ni 5. Ningeandika ile du ningeshtuka kwamba mwenye nyumba kabadilika. Mwalimu akasoma majibu mbele ya darasa zima: binti niliyekuwa nimemzimikia, 156, mimi, 4. Barua niliyomwandikia usiku kucha ikabaki mfukoni.

Mpwa wangu ana ugonjwa mwingine. Ile C ya kujumlisha mwishoni anaisahau pasipo na mipaka, halafu anaibandika penye mipaka, ambako inajifuta yenyewe! Na akishamaliza kuintigreti bado anaiburuta alama mpaka kwenye jibu.

Akafuta, akaanza upya, safari hii na dx yake. Kimya kidogo, kisha:

"Anko, hiyo barua mpaka leo unayo?"

Nikamwambia afanye swali la pili.