WASINDIKIZWE KWA BARAKA, SI KWA MADENI



Desemba inakaribia, na hapa kwetu Desemba ni mwezi wa harusi. Wiki hii vijana wawili tunaowaandaa kwa ndoa waliniuliza, "Pasta, siku ile tutaondokaje? Tunataka kitu tofauti." Nilifurahi. Watu hupanga keki, nguo na picha kwa miezi, lakini dakika ya kuondoka huachiwa yeyote aliyebaki chini ya hema.

Dakika hiyo imo katika Biblia. Soma Mwanzo 24:54-61. Mtumishi wa Ibrahimu anataka kuondoka na Rebeka asubuhi. Ndugu yake na mama yake wanaomba akae nao kama siku kumi hivi. Mwisho wanamwita msichana mwenyewe, wanamuuliza, naye anakubali kwenda. Ndipo wanamwachilia aende pamoja na yaya wake, na wanambariki. Walimwachilia, wakampa wa kumsaidia, wakamtamkia baraka. Mambo hayo matatu ndiyo kumsindikiza bi harusi.

Basi haya ndiyo niliyowaambia wale vijana.

1. Njia ya baraka. Watu wasimame mistari miwili kutoka hemani hadi mlango wa gari. Mashangazi watandike leso, vigelegele vipigwe, pambio liimbwe. Maharusi wapite polepole, na kila mtu awatamkie neno moja tu: amani, uvumilivu, afya, kicheko. Haigharimu kitu. Ila mshereheshaji atangaze mapema, kabla watu hawajaanza kutafuta matatu.

2. Kikapu cha wiki ya kwanza. Badala ya kurusha mchele, utie kikapuni. Kila ushirika wa nyumbani ulete kitu kidogo: unga, sukari, majani chai, chumvi, mafuta, kiberiti. Kikapu kiingie kwenye buti la gari. Usicheke. Kuna maharusi wanaotoka fungate na kukuta jikoni hakuna kitu, mshahara bado uko mbali, na ugomvi wa kwanza wa ndoa unakuwa ni wa unga.

3. Bahasha. Wazee na akina mama waliodumu katika ndoa waandike barua fupi, wazifunge, na juu ya kila bahasha waandike siku ya kuifungua: siku mtakapokosana mara ya kwanza, siku pesa zitakapoisha, siku mtakapomaliza mwaka. Picha utaziangalia ukiwa na furaha. Barua hizi zitakufaa ukiwa na machozi.

4. Taa. Giza likiingia, zimeni spika, watu wawashe tochi za simu na kuimba taratibu. Katika Mathayo 25 wale wanawali kumi walitoka na taa kumlaki bwana arusi, naye alifika usiku wa manane. Kuchelewa kwa harusi hakukuanza Kenya!

5. Gari. Lipambeni, lakini msizibe kioo cha dereva wala nambari ya gari. Vijana, msitoe miili nje ya madirisha msafara ukiwa barabarani. Tunawasindikiza watu nyumbani, si hospitalini.

Sasa nisikie vizuri, mpendwa, kwa sababu hili ndilo linaloniuma. Nimeona bwana harusi amesimama kando ya gari lenye maua na riboni, bibi yake ameketi ndani anangoja, naye amezungukwa na mwenye hema, mpishi na mtu wa muziki, kila mmoja akidai salio lake. Wanakamati walikuwa wameshaondoka. Msichana yule alianza ndoa yake akimtazama mume wake akiaibishwa. Hakuna petali za maua zinazofuta picha hiyo.

Kwa hivyo kamati ya harusi katika kanisa letu ichague watu wawili wa kubaki hadi mwisho, pamoja na mweka hazina, walipe kila mtu. Simu za maharusi zizimwe. Na kama pesa hazitoshi, punguzeni hema na keki wiki mbili kabla. Warumi 13:8 inatukataza kuwiwa na mtu chochote isipokuwa upendo. Andiko hilo halipumziki Jumamosi ya harusi.

Na wazazi, nanyi nina neno lenu. Baba mfungulie binti yako mlango wa gari, mama mwekee mkono kichwani umbariki, kisha mwachilie kwa kweli. Wale wa nyumbani kwa Rebeka waliomba siku kumi. Wengine wetu huchukua miaka kumi, tukipiga simu kila asubuhi kuuliza jana alipika nini. Kumbukumbu la Torati 24:5 inampa mwanamume aliyeoa karibuni mwaka mzima bila kwenda vitani, ili akae nyumbani na kumfurahisha mkewe. Mungu aliwapa mwaka. Sisi tuwape angalau wiki moja bila simu.

Tuombe: Baba, wakumbuke wote wanaofunga ndoa msimu huu. Waondoke wakiwa wamebarikiwa, bila deni na bila kinyongo. Wape wazazi moyo wa kuachilia. Na nyumba zilizosindikizwa kwa aibu miaka iliyopita, zitembelee leo uziponye. Katika jina la Yesu. Ameni.

Kama kuna maharusi unaowajua, wataje kwa maombi hapa chini, halafu useme utatia nini kikapuni. Mbarikiwe sana.