Sekunde 40 Nilizokata Kwenye Vidio ya Keja ya Karen

Kama mnanifuata kitambo, mliiona ile vidio ya keja ya Karen. Nyumba ya mawe, meko ya zamani, sakafu ya mbao, bustani iliyofyekwa mpaka nyasi inafanana na zulia. Ndiyo vidio yangu iliyotazamwa zaidi mwaka huu, na wengi wenu mliandika "keja ya ndoto." Asanteni sana. Lakini kuna sekunde 40 nilizozikata kabla ya kuiposti, na ndani yake alikuwa mathe wangu. Wiki hii amenipigia simu kuniuliza mbona nilimtoa. Nilimwambia eti sauti ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya. Kwa hivyo acha niwaambie nyinyi ukweli, halafu nitamtumia yeye asome.

Mambo yalikuwa hivi. Ajenti mmoja wa nyumba alinitafuta. Alikuwa na jumba la enzi za ukoloni, limetoka kukarabatiwa na kugawanywa apatimenti nne. Tatu ziko ndani ya nyumba kubwa. Ya nne iko nyuma, peke yake, "ina bustani yake." Angenilipa 15,000, nusu kabla na nusu baadaye. Manze, kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka na kodi ya bedsita yangu ilikuwa imechelewa siku tisa. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea.

Wikendi hiyo mathe alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Vihiga. Nikamwambia, twende Karen ukapunge upepo. Tukapanda mat ya 111, tukashuka Karen, tukamalizia na boda. Njiani alinyamaza, ule unyamavu wa mtu anayesoma barabara. Mwishowe akasema, "Ua limekuwa refu siku hizi. Zamani ulikuwa unaona watu."

Wengi wenu hamjui hili, kwa sababu sijawahi kulisema hapa. Mathe alifanya kazi ya nyumba Karen miaka 11. Mimi nililelewa kwa SQ, kutoka nikiwa na miaka minne hadi tisa, mpaka waajiri wake waliporudi kwao na sisi tukahamia Kuwinda. Ukikutana na mtu amekwambia amekulia Karen, usikimbilie kumwomba pesa. Uliza kwanza alikuwa upande gani wa kamba ya nguo.

SQ mnaijua. Vile vyumba vya wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa, mlango wake unaangalia ukuta, dirisha liko juu na ni dogo. Mwanga unaingia, lakini kutoka kwa nyumba kubwa hakuna anayekuona. Nyumba ya vidio siyo ile mathe alifanyia kazi. Lakini SQ za Karen zinafanana kama sare za shule.

Tulianza na nyumba kubwa. Mliona vile ilivyo tamu, sitarudia. Nataka tu mkumbuke kitu kimoja, ile kengele ndogo ya shaba kwa ukuta wa chumba cha kulia. Mliipenda sana. Ajenti alieleza kwamba ilikuwa ya kuita mtumishi, na kwamba fundi aliisugua siku mbili mpaka ikang'aa. Haifanyi kazi, ni pambo tu.

Halafu akatupeleka nyuma.

Mathe alivua viatu mlangoni. Hakuna mtu alimwambia avue. Ndani kulikuwa kweupe kabisa. Vigae, bafu la kioo, taa zimefichwa kwa dari, dirisha jipya kubwa kutoka juu hadi chini linaloangalia nyasi. Kusema ukweli ni pazuri, na mimi ningelala hapo usiku huo huo. Mathe akatembea polepole, akasimama katikati.

"Hapa palikuwa na ukuta," akasema. "Kitanda huku. Jiko la makaa pale mlangoni, moshi utoke. Choo ni nje, kule kona."

Ajenti akacheka kwa heshima. "Mum, kumbe umewahi kukaa hapa?"

"Si hapa," mathe akasema. "Lakini nimewahi kukaa hapa."

Kamera ilikuwa inarekodi. Tukatoka nje kwa bustani. Kiti cha mbao, maua ya zambarau, nyasi. Mathe akainama, akashika udongo kidogo, ule mwekundu wa Karen, akaupukusa kwa vidole. Akauliza, "Mtu akikaa hapa anaweza kupanda mboga?"

"Hapana, mum. Kwa mkataba hairuhusiwi. Hakuna kupanda mboga, na hakuna kuanika nguo nje. Inaharibu mandhari."

Mathe alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani mtu analipa elfu sabini na tano kila mwezi na hawezi kupanda sukuma? Sisi tulikuwa tunalipwa, na tunapanda!"

Ndipo akaanza kusimulia shamba lake. Lilikuwa na upana wa hatua tatu, nyuma ya kamba ya nguo. Sukuma, kunde, mrenda, na dania pembeni. Mwajiri wake alikuwa anatuma mtoto kuja kuomba dania wageni wakija. Jumamosi aliuzia walinzi wa mageti ya jirani mboga za shilingi kumi kumi. "Viatu vyako vya kwanza vya shule," akaniambia huku akiangalia kamera, "vilitoka kwa hiyo bustani."

Hizo ndizo sekunde 40.

Nilimtumia ajenti vidio nzima. Akajibu kwa sauti, ujumbe mfupi tu. Safi sana, lakini toa hapo mama anaongea, na usitaje SQ popote, sema studio ya bustani. Kisha akaongeza, "Unajua wateja wa hizi nyumba wanataka historia."

Nikatoa. Nilihitaji ile nusu ya pili. Ilinichukua dakika mbili kwa simu, na chini yake nikaandika vile alivyotaka, kwamba hii ni nyumba yenye historia tajiri.

Tangu mathe apige simu nimekuwa nikijiuliza, historia gani hiyo inayouza, na ni gani inayoharibu biashara?

Tuangalie mtaa wenyewe. Karen Blixen alifika hapa 1914 kutoka Denmark. Ile nyumba yake ya mawe, yenye paa la vigae vyekundu na veranda inayotazama vilima vya Ngong, ilijengwa 1912 na Mswidi mmoja, na yeye na mumewe wakainunua 1917. Kulikuwa na ekari 600 hivi za kahawa. Biashara ilianguka, akarudi kwao 1931, na shamba likagawanywa viwanja vya makazi. Viwanja hivyo ndivyo vilivyokuwa huu mtaa wa nyua ndefu tunaoujua. Wakati wa uhuru Denmark iliinunua nyumba ikaipa Kenya, na baada ya ile filamu ya 1985 ya Meryl Streep na Robert Redford kupendwa dunia nzima, ikafunguliwa kama makumbusho 1986.

Hiyo ndiyo historia tajiri. Sasa geuza kamera. Kwenye shamba hilo waliishi familia za Wakikuyu zilizoitwa maskwota, kwenye ardhi ambayo wazee wao waliiona kama yao. Sheria ya ukoloni ya 1918 iliwataka maskwota wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa, kulima kidogo na kufuga. Shamba lilipouzwa ilibidi waondoke. Blixen mwenyewe aliwaendea wakubwa wa serikali kuomba wasitawanywe, na wakapewa ardhi upande wa Dagoretti. Yaani wakati viwanja vya Karen vinapimwa, waliokuwa wanailima Karen walikuwa wanafunga mizigo. Kwa miaka mingi baadaye, Mwafrika aliyelala mtaa wa Wazungu alilala kama mfanyakazi. Alilala wapi? Kwa kile chumba cha nyuma chenye dirisha juu.

Kwa hivyo SQ ndiyo historia yenyewe, jamani. Ndiyo sehemu ya ile nyumba inayokueleza Nairobi ilivyopangwa, nani alikaa mbele na nani alikaa nyuma. Na ni ile ile sehemu fundi aliambiwa apake rangi nyeupe mpaka isijulikane.

Najua mtasema nimekuwa mkali. Ngoja. Sisemi nyumba za zamani zisikarabatiwe. Karen zinabomolewa kila siku, unapita leo unaona paa la vigae, unarudi baada ya mwezi unapata shimo na bango la nyumba 16 zinazofanana. Mtu akichukua jumba la mawe, akabadilisha mabomba, akaacha mbao na milango, ameokoa kitu. Hata SQ, heri iwe na bafu la kioo kuliko iwe na choo cha kona.

Na mathe mwenyewe hana hasira. Hii ndiyo ilinishinda. Tukirudi kwa mat nilikuwa nafura, nikamwuliza kama hajaona uchungu. Akaniangalia kama mtoto. "Mimi ningekaa pale hata kesho," akasema. "Maji moto, choo ndani. Nani anataka kuishi kama zamani? Wewe unakumbuka ile SQ kwa sababu ulikuwa mdogo. Mimi naikumbuka mgongo." Halafu akatulia kidogo. "Lakini wangeuliza. Hata jina la yule aliyekaa hapo hawalijui."

Hapo ndipo nilimwelewa. Hakuwa anataka chumba kibaki kibovu ili tukikumbuke. Alitaka tu isisemwe kwamba hakukuwa na mtu.

Inawezekana, na mfano uko hapo hapo Karen. Tukiwa shule ya msingi tulipelekwa makumbusho ya Blixen. Vitanda na vitabu sikumbuki sana. Nakumbuka tulitolewa nje, tukapelekwa jikoni, maana jiko liko nyuma, mbali na nyumba. Hapo ndipo nilisikia jina Kamante. Kamante Gatura alikuja kwa huyo mama akiwa kijana mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa, akaishia kuwa mpishi wake. Miaka mingi baadaye kumbukumbu zake mwenyewe zikatolewa kwa kitabu, 1975. Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba nzima, naye anatajwa kwa jina. Najua wote wawili tunawajua kwa sababu walimfanyia kazi mtu aliyeandika. Lakini angalau mgeni anatoka pale akijua kwamba chakula hakikujipika.

Sasa rudi kwa ile kengele ya shaba. Wameiacha, wameisugua, imekuwa pambo. Kengele ina pande mbili. Kuna mahali unabonyeza, na kuna mahali inalia. Mahali pa kubonyeza pameachwa ukutani mkapenda. Mahali ilipokuwa inalia ni huko nyuma, na tumepaita studio ya bustani. Mimi nilisaidia kupaita hivyo, kwa 15,000.

Sitadanganya eti nimerudisha pesa. Ilienda kwa kodi. Ila leo usiku naposti zile sekunde 40 peke yake, bila muziki. Kama ajenti atanitafuta, tutaongea. Pengine hatanipa kazi tena, na ile kazi nilikuwa naihitaji. Lakini siwezi kuwa mtu anayewaonyesha keja za watu kila wiki huku namficha mama yangu kwa sababu anajua keja hizo kuniliko.

Na nyinyi mnaofanya vidio kama mimi, sisemi mkatae kazi. Mkiingia kwa nyumba ya zamani, pigeni picha meko, pigeni picha sakafu. Halafu zungukeni nyuma. Mwulizeni mlinzi, mwulizeni mama anayepita na mkoba wake jioni akienda Kuwinda, nani alikuwa anakaa hapa? Na ukirudi nyumbani, muulize shosho wako au guka wako alilala wapi alipokuja Nairobi mara ya kwanza. Wengi wetu tutapata jibu moja.

Mathe alirudi Vihiga Jumatatu. Kabla aende alichukua mkebe mtupu wa rangi uliokuwa kwa ngazi za ploti yetu, akautoboa chini kwa msumari, akajaza udongo, akapanda sukuma tatu kwa dirisha langu. Nimesoma karatasi ya ploti yangu mara mbili kuhakikisha. Hakuna mahali imekataza.