Nyimbo za igizo lenu la Mahango

Bwera, Kasese

Mpwa wangu mpendwa,

  Nimefurahi kusikia kwamba vijana wa Mahango mnaandaa igizo kuhusu mwaka 1962, na kwamba wewe ndiye uliyekabidhiwa nyimbo. Orodha yako nimeisoma. Sasa nisikilize.

Kwanza angalia tarehe. Umeweka wimbo wa taifa wa Uganda pale Isaya Mukirane anapotangaza uhuru wa Rwenzururu yetu kutoka ufalme wa Toro, Juni 30. Haiwezekani! Uhuru ulikuja Oktoba 9 mwaka huohuo, na wimbo alioutunga George Kakoma ulikuja na uhuru huo. Kabla ya hapo watoto wa shule walikuwa wakimwimbia Malkia wa Uingereza. Basi waimbishe hivyohivyo katika onyesho la darasani, maana Mukirane alikuwa mwalimu. Wazee watacheka na kuguna kwa wakati mmoja. Kosa hilo si lenu peke yenu. Kuna Wazungu wanaovaa deraya na kuigiza enzi za mababu zao wa kale, halafu wanaimba Greensleeves, wimbo ulioandikishwa London mwaka 1580, enzi hizo zilipokuwa zimeshapita.

Onyesho la soko la Mpondwe umeliacha bila muziki. Weka Indépendance Cha Cha ya Joseph Kabasele na African Jazz. Waliirekodi Brussels mwaka 1960, na Kongo, hapo tu ng'ambo ya mto, ilipata uhuru wake Juni 30 mwaka huo. Miaka miwili kamili baadaye, tarehe ileile, Mukirane akatangaza uhuru wa kwetu. Mwenye kujua ataelewa bila kuambiwa.

Kinanda cha umeme kirudisheni kanisani. Tafuteni endara, ile marimba yetu; migomba ya kulazia mbao zake imejaa huko kwenu. Nyimbo za olusumba, zile za jando, msiziguse kabla ya kuwauliza wazee; zina wenyewe.

Sasa nije kwenye ule wimbo wa kuwatukana Watoro. Najua kwa nini umeuweka. Machi 1962 wajumbe wetu walitoka kwenye baraza la Toro kwa sababu Wakonzo na Waamba walikataliwa kutambuliwa katika katiba ya ufalme ule, na watu waliokuwa wakidharauliwa kila siku waliimba walichokuwa nacho moyoni. Nyimbo za mapambano yale Peter Cooke na Martin Doornbos waliziandikia makala mwaka 1982 katika jarida la Africa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hazikuwepo. Ukizifuta zote, igizo lako litakuwa la watu waliopanda mlimani bila sababu.

Lakini fikiria ni akina nani watakaokaa kwenye viti. Kasese ina Watoro, Wasongora, Wanyabindi. Wamo pia wajane na mayatima wa Novemba 2016, pale watu zaidi ya mia moja walipouawa, wengi wao ndani ya ikulu ya Omusinga, mfalme wa Rwenzururu. Wimbo wa kuchochea ukiimbwa mbele ya watu hao na uwanja mzima ukaitikia, hilo si igizo tena. Ni mkutano wa siasa.

Mimi ningefanya hivi. Wimbo wa matusi uimbwe ndani ya onyesho, na kijana mmoja, usiku, kambini, wenzake wakimsikiliza kwa mashaka. Usiwe na kiitikio cha hadhira, wala usipigiwe ngoma. Kabla haujaisha, mtu aingie na habari nyingine, ukatike hapo. Watu watajua hasira ilikuwepo bila kuibeba kwenda nayo nyumbani. Nyimbo za kuitikia wote ziwe zile za kilimo, za harusi, na za kumsifu Mukirane bila kumtaja adui. Mwisho wa igizo ndio hasa unaonitia wasiwasi, kwa sababu hapo ndipo watu husimama na kucheza, na wimbo wa hapo ndio wanaoimba wakishuka mlima. Usiuchague peke yako.

Kabla ya mazoezi makubwa, mwite mzee mmoja wa Kitoro na mmoja wa Kisongora wasikie orodha yote. Wakikunja uso kwa wimbo fulani, uondoe bila ubishi, kisha nitumie orodha mpya kwa dereva yeyote anayeshuka Bwera.

Shangazi yako akupendaye